KUMTOA MBWA NYUMBANI SI KUMTUPA



Ndugu zangu katika imani, dada mmoja anayeishi Uingereza ameniletea swali, na majibu aliyokwisha kupewa na watu ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Dada huyu amesilimu hivi karibuni, alhamdulillah. Kabla ya kusilimu alichukua mbwa aliyeokolewa mitaani nchini Romania. Mbwa mwenyewe ni mwoga kupita kiasi: akisikia mlango anajibana nyuma ya kochi, na mwanamume akiingia anatetemeka mpaka anajikojolea. Dada amejifunza hukumu ya kufuga mbwa, sasa anataka kumhamishia kwa mtu mwingine. Akauliza wenzake. Mmoja akamwambia, "Mtoe leo leo." Mwingine akamwambia, "Mfungulie mlango tu, ardhi ya Mungu ni pana."

Ndugu yangu, hilo la mwisho usiliite dini.

Hatufichi hukumu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kufuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa mifugo wala wa shamba, hupungukiwa thawabu zake kila siku. Imepokewa pia kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Na sisi watu wa pwani, kwa madhehebu yetu ya Kishafi, tunajua najisi ya mbwa na kuosha mara saba, moja yake kwa udongo. Dada yuko sawa kutaka kumhamisha. Hapo sina ubishi na mtu.

Ninachobishia ni namna ya kumtoa. Hukumu ya kutofuga haikukupa ruhusa ya kudhulumu. Mwanamke yule aliyemfungia paka hadi akafa kwa njaa aliingia Motoni. Na yule aliyeshuka kisimani akajaza maji katika khofu yake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Allah alimsamehe. Mbwa yuleyule tunayemwosha mara saba ndiye aliyekuwa sababu ya mja kusamehewa. Ukiishika hadithi moja ukaiacha nyingine, umeishika nusu ya dini.

Tena zingatia jambo ambalo wengi hatulisemi: hofu ya mnyama nayo inahesabiwa. Abu Daud amepokea kwamba Maswahaba walichukua makinda ya ndege safarini, mama yao akaja anapigapiga mbawa kwa uchungu. Mtume (s.a.w.) aliuliza nani aliyemhuzunisha ndege huyu, akaamuru watoto wake warudishwe. Na al-Waqidi ametaja kwamba katika safari ya kuifungua Makka, na jeshi la watu kama elfu kumi likiwa njiani, Mtume (s.a.w.) alimwona mbwa jike na watoto wake wananyonya. Akamweka Sahaba, Ju'ayl bin Suraqa, asimame pale ili asije mtu akawasumbua. Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya al-Waqidi, lakini maana ya kisa inakubaliana na yaliyothibiti. Jeshi zima linapita, na mbwa anawekewa mlinzi!

Sasa mjue mbwa huyu wa Romania ni nani. Miaka ya 1980 utawala wa Ceaușescu ulibomoa mitaa mizima ya Bucharest na kuwahamishia watu kwenye maghorofa. Mbwa wengi waliachwa nje, wakazaana mitaani. Mwaka 2013, baada ya mtoto wa miaka minne kuuawa na mbwa, ilipitishwa sheria inayoruhusu mbwa wa mitaani kuuawa ikiwa siku 14 za kazi zimepita kwenye banda bila mtu kuwachukua. Ndiyo maana mashirika huwasafirisha kwenda nchi nyingine. Mbwa wa namna hii huenda hajawahi kuona ngazi wala mashine ya kufulia. Alichokijua kwa wanadamu ni fimbo na kitanzi cha kumkamatia. Ukimfungulia mlango atakimbia asijue pa kurudi, na barabara za magari ndizo zitakazommaliza. Hapo utasema hukumwua wewe?

Basi dada yangu, na kila aliye katika hali kama yako, fanya hivi.

Kwanza, usome mkataba uliotia saini ulipomchukua. Mashirika mengi huweka sharti kwamba ukishindwa, mbwa arudi kwao, usimpe mtu mwingine. Wewe ulikubali. Qur'ani, mwanzoni mwa Suratul Maida, inatuamuru kutimiza mikataba, na kusilimu hakukuvunja ahadi yako ya halali.

Pili, usimuuze. Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na hiyo ndiyo kauli ya wanazuoni wengi.

Tatu, sema ukweli wote. Anaogopa nini, amewahi kutoroka, amewahi kung'ata? Amepimwa damu kwa ajili ya Brucella canis? Ugonjwa huu umeonekana Uingereza hasa kwa mbwa walioingizwa kutoka nje, na unaweza kumpata binadamu. Anayeficha kasoro ili aondokewe na mzigo amefanya ghushi, na mwenye ghushi ameonywa vikali katika dini yetu.

Nne, mpe muda. Mpokeaji aje mara kadhaa, akae chini kimya, asimkodolee macho wala kumlazimisha kuguswa. Siku ya kuhama mbwa afungwe kamba mbili, moja kwenye mkanda wa kifuani na nyingine shingoni, maana mbwa mwoga hujichomoa. Aende na tandiko lake lenye harufu anayoijua.

Na wakati unasubiri, mtengee sehemu yake, na wewe tenga chumba na nguo za sala. Kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Sala yako haibatiliki kwa sababu tu mbwa yumo nyumbani. Usikate tamaa, wala usiache kuswali kwa wiki hizo chache. Mola wako anajua uko njiani.

Nanyi mliomwambia amfungulie mlango, mcheni Allah. Huyu ni mgeni katika dini, na majirani zake wasio Waislamu wanamtazama. Wakiona amesilimu leo na kesho mbwa wake amekufa barabarani, watajifunza nini kuhusu Mtume aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote? Tumezoea utotoni kumrushia mawe mbwa koko, tukadhani ule ni uchamungu. Najisi huondoka kwa maji na udongo. Dhuluma haioshwi hivyo, inangoja Siku ya Hesabu.

Nawe unayetaka kumchukua mnyama kwa kuvutiwa na picha kwenye simu, awe paka au ndege, jiulize kwanza: nitamweza akiwa mgonjwa, mwoga, mzee? Amana hupimwa kabla ya kupokewa.

Ewe Mola, tufundishe hukumu zako pamoja na huruma zako, umthibitishe dada yetu katika Uislamu, na umfanyie wepesi yeye na kiumbe kilicho mikononi mwake. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.