Elimu ya Ardhi na Lugha ya Wenye Ardhi

Mwishoni mwa likizo ndefu ya mwaka jana alinijia ofisini mwanachuo wa mwaka wa tatu, asomaye jiografia na mipango ya mazingira. Hakuwa mwanafunzi wangu, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na wasomao mambo ya ardhi aghalabu hawana haja nami. Baada ya kuniamkia alitoa mkobani karatasi yenye maneno kumi na mawili ya Kiingereza, akasema, "Mwalimu, naomba unisaidie Kiswahili cha maneno haya. Yameniaibisha."

Nilimwuliza aibu hiyo ilimpata wapi. Alinieleza kuwa alikuwa amepelekwa katika kijiji kimoja cha bara kujifunza kazi kwa vitendo, akatakiwa kuwaeleza wanakijiji, katika mkutano wao mkuu, ramani ya matumizi ya ardhi yao. Alisimama, akaikunjua ramani, akasema kwa muda wa robo saa. Bonde la chini ya kijiji alikuwa amelipaka rangi ya buluu na kuliita ardhi oevu ya hifadhi. Alipokwisha, mzee mmoja aliinuka akanena kwa upole, "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Sasa tuambie kwa Kiswahili." Watu wakacheka, mkutano ukavunjika. Kumbe bonde lile ndilo pekee lililowapa maji ya kunyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi. Wakubwa wa kijana waliamuru vigingi vipigwe hivyo hivyo. Havikumaliza juma moja, viling'olewa usiku.

Kijana yule si mjinga. Alipokuwa shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili habari za mmomonyoko wa udongo, za masika na vuli, za kaskazi na kusi, na jioni akiweza kuzungumza na babu yake juu ya hayo. Alipoingia sekondari aliamriwa kuyaacha maneno hayo mlangoni. Tangu siku ile mpaka leo elimu yake yote ya ardhi imekuwa katika lugha ambayo wenye ardhi hawaisemi. Basi nanena bila ya kuficha: shahada ya jiografia na mipango ya mazingira ambayo mwenye nayo hawezi kuieleza ramani yake mbele ya wale watakaoishi ndani ya ramani hiyo ni nusu ya shahada, na vyuo vyetu vinavyoitoa vinajua kuwa ni nusu.

Yamkini msomaji ataona kuwa natia chumvi. Na atazame Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza, ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ulizunguka nchi majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukatoa shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika na nchi jirani. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Mvua zilipungua, udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu kama saruji, karanga zisichimbike. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha kupotea. Sisemi kuwa lugha peke yake ndiyo iliyouangusha mradi ule. Haraka na kiburi vilikuwamo. Walakini Ugogo ni nchi ya watu wanaozipa njaa zao majina. Ile iliyowashika mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake waliiita Mtunya. Nchi ambayo njaa ina jina ndani yake haihitaji ndege ili ijulikane kuwa mvua yake si ya kutegemewa. Kuuliza si ujinga. Lakini aulizaye hana budi kuwa na lugha ya kuulizia na masikio ya kusikilizia jibu.

Watetezi wa Kiingereza hujibu kuwa hayo yalikuwa makosa ya wageni, nasi sasa tuna wataalamu wetu. Ndiyo, tunao, lakini tunawalea kuwa wageni. Mathalan, wanachuo wa jiografia hufundishwa habari za katena, yaani mnyororo wa udongo: kwamba udongo hubadilika kwa utaratibu kutoka juu ya kilima mpaka bondeni, kama pete zilizoungana. Huisoma habari hii katika vitabu vilivyopigwa chapa ng'ambo, wakadhani imezaliwa huko. Imezaliwa kwetu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliitangaza mwaka 1935 baada ya kuvitazama vilima na mabonde ya Afrika Mashariki. Wasukuma nao wana jina kwa kila pete ya mnyororo wa nchi yao: luseni ni udongo wa kichanga, ibambasi ni ule mgumu usiopitisha maji, na mbuga ni mfinyanzi mweusi wa bondeni upasukao wakati wa kiangazi. Mwanachuo wetu hulijibu swali la katena kwa Kiingereza akapewa alama zake. Mwulize mbuga ni nini: atakutajia simba na tembo.

Mfano wa pili ni wa kufurahisha zaidi. Shinyanga ilikuwa imekatwa miti kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kulima pamba na kupata kuni, hata watu wakahofu kuwa itakuwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Hapo mwanzo wataalamu walitegemea miche ya miti ya kigeni iliyokuzwa vitaluni. Nchi ilianza kurudi kijani waliposhika desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa ukame. Ngitili zilizohesabiwa mwanzoni mwa mradi zilikuwa kama hekta 600. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulituzwa katika Umoja wa Mataifa. Mpango wa mazingira haukushinda kwa kuletewa neno jipya, bali kwa kulikuta neno la zamani na kuliheshimu.

Sheria yenyewe iko upande wangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, zimeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na mpango wake hauna nguvu mpaka ukubaliwe na mkutano mkuu wa wanakijiji. Mkutano huo hauendeshwi kwa Kiingereza. Hivyo tunamfunza mtu miaka mitatu au minne kwa lugha moja kwa ajili ya kazi ambayo kisheria hukamilika katika lugha nyingine, kisha tunashangaa vigingi vinapong'olewa.

Huambiwa pia kuwa Kiswahili hakina maneno ya taaluma hii. Hayo yalisemwa juu ya sheria kwa miaka mingi. Lakini tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Je, kueleza mteremko na mkondo wa maji ni kugumu kuliko kueleza rehani na rufani? Mvuvi wa pwani asiyejua kusoma hutofautisha bamvua na maji mafu, naye hupanga riziki yake kwa maneno hayo. Huambiwa tena kuwa mtaalamu lazima asomane na ulimwengu. Na asome, simnyang'anyi Kiingereza chake. Namdai lugha ya pili ya kazi yake, ambayo ndiyo ya kwanza kwa wenye ardhi.

Hoja moja nakiri kuwa ni nzito. Kiswahili si lugha ya mama kwa Mgogo wala kwa Msukuma, na sisi walimu wa Kiswahili tuna hatia yetu. Tumeketi ofisini tukifinyanga istilahi, kisha tukazituma vijijini kama amri. Ardhi oevu ni neno la Kiswahili, lakini mzee yule hakulitambua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza yeye huliitaje bonde lake. Kutafsiri kitabu hakutoshi. Istilahi ya ardhi na iokotwe penye ardhi, kama ngitili ilivyookotwa.

Basi nadai mambo matatu. Kwanza, kila somo la mazoezi ya uwandani lifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili. Pili, asipewe shahada mwanachuo ambaye hajaieleza ramani yake katika mkutano wa kijiji au mtaa, akaulizwa na kujibu. Tatu, kila ripoti ya uwandani iambatane na orodha ya majina ya udongo, maji, miti na majira kama wenyeji wanavyoyataja, na nakala yake ibaki kijijini.

Katika yale maneno kumi na mawili, nilimpa kijana Kiswahili cha saba. Kwa matano yaliyosalia nilimwambia arudi kwa mzee aliyemchekesha mbele za watu, aketi chini, aulize. Alikwenda. Aliporudi alikuwa nayo yote matano, na mengine mengi ambayo karatasi yake haikuyataja. Hiyo ndiyo jiografia ninayoidai kwa vyuo vyetu.