Mtarjumani wa Picha ana Amana

Wenzetu wa bara wana starehe moja ambayo sisi wa pwani twaelekea kuidharau, nayo ni kwenda kuangalia picha ya kusemewa. Sisemi picha iliyoandikwa tafsiri chini. Nasema picha ya Kitaliano, ya Kihindi au ya Kichina, ambayo kijana mmoja amekaa na kipaza sauti akaitarjumi yote peke yake: yeye ndiye askari, yeye ndiye jambazi, yeye ndiye bibi anayelia, na katikati hupenyeza mizaha yake. Dar es Salaam kazi hii ndiyo iliyompa jina Lufufu. Uganda huwaita watu hawa vijei, na Kenya madijei.

Nilikuwa Kihoto, mtaa wa Naivasha, kumzuru mpwa wangu afanyaye kazi katika shamba la maua. Kihoto iko ukingoni mwa ziwa, na wasomaji watakumbuka kwamba mwaka 2025 ziwa hilo lilipanda hata maji yakaingia majumbani mwa watu. Wakaazi wake wametoka kila pembe ya nchi, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Jioni mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, leo utaona senema ya kwetu." Tukaenda kibandani: shilingi ishirini, mabenchi ya mbao, mabati juu, na watoto kadha ambao saa ile ilifaa wawe wamelala.

Picha yenyewe ilikuwa Piedone l'africano, ya mwaka 1978. Waliokuwa wakienda senema zamani hawana haja ya kuelezwa Bud Spencer ni nani, lile pandikizi la mtu lenye ndevu ambalo likipiga kofi moja wanaanguka watatu. Jina lake la kuzaliwa ni Carlo Pedersoli, mzaliwa wa Napoli, na kabla ya senema alikuwa mwogeleaji. Mwaka 1950 alikuwa Mtaliano wa kwanza kuogelea mita 100 kwa muda usiotimia dakika moja, na aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki za 1952 na 1956. Alifariki 2016. Katika picha hii yeye ni Kamishna Rizzo wa polisi ya Napoli, mtu asiyependa bastola. Askari wa Afrika Kusini amfuata Napoli na siri ya magendo, auawa kabla ya kuitoa, na Rizzo afunga safari hadi Johannesburg, ambako akutana na mtoto wa yule marehemu, kijana mweusi aitwaye Bodo. Basi tena ni mbio na ngumi.

Aliyeitengeneza ni Steno, yaani Stefano Vanzina, bingwa wa vichekesho. Lakini mtu huyu huyu mwaka 1972 alitoa La polizia ringrazia, picha kali juu ya kikundi cha siri kiwauacho wahalifu bila ya kuwafikisha mahakamani. Italia ya miaka ile haikuwa na mzaha. Bomu la Milano la Desemba 1969 liliua watu 17, na mwaka ule ule wa 1978 Aldo Moro, aliyekuwa waziri mkuu, alitekwa nyara akauawa. Kutoka hofu hiyo zilizuka picha za polisi kwa makumi, na mwaka 1973 Steno akawapa watu Rizzo wa kuwachekesha, askari amalizaye mambo kwa kofi.

Sasa nirudi kwa mtarjumani wetu. Wako waungwana wasemao kwamba anaiharibu picha kwa kuongeza maneno yasiyokuwamo. Hawa hawajui picha za Kitaliano. Siku zile Wataliano walikuwa na desturi ya kupiga picha kwanza na kuitia sauti baadaye studioni. Katika picha nyingi Bud Spencer alizocheza na Terence Hill, sauti isikikayo kwa Kitaliano si yake, ni ya mwigizaji mwingine, Glauco Onorato. Ujerumani alikuwako Rainer Brandt aliyewajazia wawili hawa mizaha ambayo haikuwamo katika mazungumzo ya asili, na Wajerumani wakazipenda zaidi kwa hiyo. Basi kijana wetu akisema kwamba Rizzo ana njaa kwa kuwa Naivasha nzima haina sufuria ya kumtosha, hana ila. Nilicheka hata miwani ikaanguka.

Nililokosa ni jambo jingine. Taa zilipowashwa, kijana aliyeketi kando yangu, wa miaka kama kumi na minane, aliniuliza, "Mzee, kumbe zamani wazungu na weusi huko walikuwa wakipatana hivi?"

Swali lake ni la haki, kwani macho yake yalimwona mzungu mnene na mtoto mweusi wakitembea pamoja Johannesburg, na sikio lake halikuambiwa neno. Mwaka 1978! Miaka miwili tu baada ya tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto walipomiminiwa risasi kwa kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana. Miezi michache baada ya Steve Biko kufia mikononi mwa polisi, Septemba 1977. Mtu mweusi mzima hakuwa na ruhusa ya kutembea bila ya kipande chake, na sheria ya pasi haikuondolewa mpaka 1986. Kenya na Tanzania zilikuwa zimekataa kushiriki michezo ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu New Zealand tu ilikwenda kucheza raga na nchi hiyo. Na wenzetu wa Italia walikwenda huko huko kutengeneza kichekesho.

Sisemi picha ipigwe marufuku. Tuliosoma chuoni na kukaa katika darsa twajua kwamba anayefasiri hukaa baina ya maneno na asiyeyajua, na asiyeyajua hana mwingine wa kumtegemea. Sifananishi darsa na kibanda, Mungu aniepushe. Lakini mwenye kipaza sauti pale Kihoto ana wasikilizaji wengi kuliko mimi mwenye ukurasa huu, na wengi wao historia hiyo hawakuipata kwengine. Pale Rizzo anapoondoka na Bodo barabarani, muziki wapigwa, hapana mtu asemaye. Nafasi ipo. Aseme tu: "Jamani, huu ni mwaka 1978, na mji huu baba yake mtoto huyu hawezi kukaa mtaa atakao." Kisha ngumi ziendelee.