Mtoto si deni la mahari

Vijana wenzetu, tuko na neno.

Hapa Bukavu, kwa avenue yetu, tunaona mtoto wa miaka 9 akivutwa huku na kule. Wazazi wameachana. Upande wa baba wanasema: «Tulitoa ng'ombe, mtoto ni wetu.» Upande wa mama wanajibu: «Mahari haikuisha, mtoto abaki kwetu.» Mara yuko Bukavu, mara wanamuficha Walungu. Mwaka wa masomo umemupita njiani. Nani alimuuliza yeye mwenyewe? Hakuna.

Tunasema wazi: ng'ombe za ndoa hazinunui mtoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema faida ya mtoto ndiyo inatangulia, na mtoto mwenye kuelewa ana haki ya kutoa maoni yake.

Wazazi, mukae kwanza chini pamoja na wazee wa pande zote mbili. Muulizane: nani anamulea kweli? Atasoma wapi? Yule mwingine atamuona siku gani, na atatoa nini kwa malezi? Mukishindwa, muende tribinali. Kumuiba mtoto usiku si suluhisho.

Na serikali: haki isikuwe ya mwenye pesa tu. Mama anayeuza ndizi barabarani atalipa avoka na nini?

Sisi wenye diplome bila kazi, kesho tutaoa na kuolewa. Tukatae desturi hii leo. Ndoa inaweza kuvunjika, uzazi hauvunjike.