Posa Isiwe Barua ya Kumuachisha Mwanetu Chuo



Leo sina mapishi wala mitindo ya hina. Nina hasira, na nimemuomba Allah anijaalie niseme haki tu.

Mimi ni mtu wa Unguja niliyeolewa Biharamulo, bara kabisa, mkoani Kagera. Kwa watu wa huku Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam. Unapita Muleba, Bukoba na Kyaka, unavuka mpaka Mutukula, umeingia Uganda. Mtoto wa wifi yangu alipita njia hiyo kwenda chuo kikuu.

Alipoondoka alikuwa msichana wa kujificha nyuma ya ushungi wake. Kiganda hakijui, Kiingereza cha kubabaisha. Ramadhani ya kwanza akaona wanafunzi wenzake wa kigeni wanafuturu chai na mkate, kila mtu peke yake chumbani. Akawachangisha kidogo kidogo, wakanunua mchele na tende, wakafuturu pamoja. Mwaka wa pili yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni, akiwaonesha pa kufuatilia vibali vya kukaa na kuwapatanisha waliogombana vyumbani. Mwaka wa tatu wenzake wakamchagua kuwa makamu wa kiongozi wao. Hakukimbilia cheo, cheo kilimkuta kazini.

Sasa imekuja posa. Kijana ana dini, ana kazi, na mahari si tatizo. Lakini mshenga amekuja na sharti: binti aache uongozi, na ikiwezekana aache na chuo, kwa kuwa mwanamke aliyezoea kuongoza eti hakai chini ya mume. Wazee wengine wakaitikia. Wifi yangu ameniomba ushauri, na ushauri wangu ni huu.

Wanasema atazoea kuamrisha. Jamani, huyu amejifunza kutunza fedha za watu bila kula hata shilingi, kusikiliza pande mbili kabla ya kuamua, na kusema ukweli bila kupandisha sauti. Ni nyumba gani isiyohitaji mtu wa namna hiyo? Kumbukeni Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliwaambia Masahaba wachinje na wanyoe, nao kwa huzuni hawakuinuka. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje wake na anyoe. Akafanya hivyo, na wote wakamfuata. Mke mwenye busara hakumpunguzia mumewe heshima.

Wanasema kuna mchanganyiko. Hofu hiyo siidharau, mipaka ya dini ipo na ilindwe. Lakini Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoanzishwa Mbale mwaka 1988, kina kampasi ya wasichana watupu hapo Kampala. Huko nako wasichana wasipoongoza, nani aongoze?

Wanasema masomo na ndoa havikai pamoja. Rais wetu Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Makunduchi, aliolewa mwaka 1978. Alikwenda Manchester, Uingereza, kusoma uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa tayari mke wa mtu.

Na mbona kwa wavulana hatusemi hivyo? Yoweri Museveni alikuja kusoma Dar es Salaam mwaka 1967, mwanafunzi mgeni kama mwanetu, akaongoza kundi la wanafunzi pale chuoni. Sijasikia aliyeuliza kama ataweza kuishi na mke. Kijana akichaguliwa tunachinja mbuzi, binti akichaguliwa tunaita kikao cha wazee.

Mimi sisemi posa ikataliwe. Ndoa ni heri, na kijana mwenye dini hapatikani kila siku. Nasema sharti lirudishwe kwa adabu: binti amalize mwaka wake uliobaki na amana aliyopewa na wenzake, kisha harusi. Na wewe bi harusi mtarajiwa, ukitaka kusoma baada ya ndoa, liseme kabla ya nikahi, mbele ya walii wako. Mwulizeni shekhe wenu namna ya kuliweka katika makubaliano, kwa sababu wanavyuoni wana maelezo yao juu ya masharti ya ndoa. Usiliache libaki maneno ya simu ya usiku. Mwanamume Muislamu anajua kwamba ahadi ni deni.

Na kama kijana mwenyewe hajui alichosema mshenga wake, aulizwe yeye. Huenda sharti hilo si lake, ni la wajomba zake.

Allah awajaalie mabinti zetu elimu yenye manufaa na waume watakaoifurahia. Aamin.