Soseji za mkaa: baridi ya Sumbawanga si friji

Nyama ya ng'ombe ya kusaga ikipatikana, mzazi wa Sumbawanga anaweza kuwachomea watoto soseji zisizo na ngozi, zile ambazo Waromania huziita mici, yaani "vidogo". Kilo moja isiyokosa mafuta huchanganywa na kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga, chumvi, magadi kidogo na supu ya mifupa. Hukandwa hadi inate, kisha hufinyangwa kwa mikono iliyoloweshwa maji, unene wa kidole gumba.

Waromania huulaza mchanganyiko huo kwenye friji. Asiye na friji asiuache dirishani usiku wa Juni akitegemea baridi ya Ufipa. Nyama hutaka nyuzijoto 5 au chini yake. Akande na kuchoma siku hiyohiyo.

Kusaga huvipeleka hadi katikati vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, na kuhara damu kwa mtoto wa chini ya miaka mitano si jambo dogo. Mwenye kipimajoto ahakikishe katikati pamefika nyuzi 71. Asiye nacho akate moja: ikionyesha wekundu, zote zirudi jikoni. Na sinia lililobeba nyama mbichi lisipakuliwe zilizoiva kabla ya kuoshwa kwa sabuni.