Binti anataka kusomea majengo, mama anauliza tutamwita nani

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu watoto wenye pumu wanaolala kwenye vyumba vyenye kuta za unyevu. Nilitegemea maswali ya dawa. Simu ya kwanza ikaja na swali jingine kabisa.

“Mwanangu, umeandika kwamba ukuta ule unahitaji mtu wa kuukagua. Huyo mtu anasomea wapi?”

Aliyepiga ni mama mmoja wa Tabata. Binti yake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na amepata nafasi vyuo viwili. Kimoja ni ualimu wa hisabati, kingine ni mambo ya majengo. Siku za kuthibitisha udahili zimebaki chache. Baba anataka ualimu, kwa sababu mwalimu anajulikana ni nani. Binti anataka majengo, na anasema siku moja atasimamia miradi mikubwa. “Sasa akimaliza tutamwita nani? Fundi?”

Nilicheka, maana swali hilo limeshawahi kukaa sebuleni kwetu. Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu kwenye fani hiyohiyo. Baba yetu alikuwa amejiandaa kuitwa Baba Injinia, na alinuna mwezi mzima. Shangazi aliposikia neno “sovea” alifurahi, akamwita akampimie kiwanja chake Chanika. Kijana alikwenda kwa heshima, akamweleza kwamba wa viwanja ni mpima ardhi, na kwamba yeye anasomea nyumba inayosimama juu ya kiwanja. Shangazi hakuridhika mpaka leo.

Ukweli ni kwamba jina lenyewe linachanganya. Uingereza mkaguzi wa majengo ni taaluma yenye jina lake, chini ya taasisi ya RICS iliyoanza mwaka 1868. Hapa kwetu kazi hiyo imegawanyika. Wapo wanaoifikia kupitia shahada ya uchumi wa majengo, kama ile inayotolewa Chuo Kikuu Ardhi, ambayo humwandaa mtu kuwa mkadiriaji majenzi. Wapo wanaotokea uhandisi ujenzi, na wapo wanaoanza na stashahada ya ufundi baada ya kidato cha nne, kisha wanapanda. Kwa hiyo mzazi asishikilie jina la kozi. Aangalie masomo yaliyomo ndani yake.

Na yaliyomo ni mengi kuliko nilivyodhani. Nilipofungua daftari la mdogo wangu nilikuta udongo na misingi, zege na nondo, kusoma ramani, hesabu za vifaa na gharama, sheria za mikataba, usalama kazini, na namna ya kupanga ratiba ya kazi ili fundi umeme asifike siku ambayo ukuta haujajengwa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayompeleka mtu kwenye usimamizi wa ujenzi. Msimamizi si mtu mwenye sauti kubwa kuliko wengine. Ni yule anayejua nini kinatangulia nini, kinagharimu kiasi gani, na nani atawajibika kikiharibika.

Turudi kwenye ukuta wa mtoto mwenye pumu, maana ndio ulionifanya niiheshimu kazi hii. Nilimchukua mdogo wangu tukaenda wote. Mwenye nyumba alikuwa ameshapaka rangi mara tatu, na kila mara ilibabuka. Kijana hakugusa rangi. Aliangalia alama ya maji ilipoishia, chini ya kiuno, akaona unga mweupe wa chumvi kwenye lipu. Kisha akatoka nje. Uani palikuwa pamejazwa kifusi na kusakafiwa, hadi sakafu ya nje ikawa juu kuliko ya chumba. Tabaka la kuzuia unyevu lililowekwa juu ya msingi lilikuwa limefukiwa, kwa hiyo maji yalikuwa yanaingia ukutani juu yake.

“Dada, hapa rangi ni hela ya bure. Washushe ule udongo kwanza.”

Sisemi mtoto yule amepona pumu. Pumu haiponi hivyo, na dawa zake anaendelea nazo. Lakini mama yake alikuwa ametupa godoro, ametupa zulia, na amemfukuza paka, na hakuna aliyewahi kumwambia atoke nje aangalie uani. Mimi nilikuwa nimefika nyumba ile mara mbili na kalamu yangu, sikuona.

Halafu kuna upande mzito zaidi. Wasomaji wa Dar es Salaam hawajasahau asubuhi ya Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Wala hatujasahau Kariakoo, Novemba 16, 2024, jinsi ndugu walivyosimama barabarani wakipiga simu za watu waliokuwa chini ya kifusi. Mimi nilizoea kuhesabu majeruhi hospitalini. Siku hizi ninapopita kwenye jengo linalojengwa huwa nahesabu mirunda.

Mdogo wangu alinifundisha. Zege linaonekana gumu siku ya pili, lakini nguvu yake hupimwa siku ya 28. Vipande vya majaribio hupelekwa maabara kugandamizwa hadi vipasuke, vingine siku ya 7, vingine siku ya 28. Katikati hapo linatakiwa kumwagiliwa maji na mirunda ibaki chini ya slabu mpaka mhandisi aseme iondolewe. Alipokuwa fildi mwaka jana, kwenye saiti ambayo sitaitaja, fomeni alitaka kuiondoa mapema kwa sababu ilihitajika kwingine na kila siku ya ziada ni kodi. Kijana, ambaye hakuwa na cheo chochote pale, aliandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za saiti tarehe zege lilipomwagwa, kisha akampigia mhandisi. Kazi ilisimama. Fomeni hakumsemesha wiki nzima, na vibarua walimwita “mwandishi wa habari”. Alipokuja kunisimulia alidhani nitacheka.

Nilimweleza mama wa Tabata habari hiyo kwa sababu hicho ndicho anachokwenda kulipia ada. Binti yake atakutana na mtu anayetaka kuharakisha. Chuo kizuri humpa maarifa ya kukataa na namna ya kuandika sababu zake. Ujasiri wa kuandika atatoka nao nyumbani.

Kabla ya kuthibitisha, nilimshauri afanye mambo machache, na yote yanawezekana kwa simu. Aangalie kama kozi imo kwenye mwongozo wa TCU, au kama ni stashahada, chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET. Aulize mhitimu wake anaruhusiwa kuomba usajili kwenye bodi gani: AQRB kwa wakadiriaji majenzi na wabunifu majengo, ERB kwa wahandisi. Hili ni kubwa. Cheti pekee hakimpi mtu haki ya kujiita mkadiriaji majenzi. Lazima afanye kazi chini ya aliyesajiliwa, apimwe na bodi, ndipo naye asajiliwe. Kozi yenye jina zuri ambayo bodi haiitambui inaweza kumwacha kijana akihangaika miaka. Na aulize kuhusu fildi: ni wiki ngapi, nani anamtafutia nafasi, mwalimu anamtembelea au anasaini tu karatasi, na akiumia nani anamtibu. Chuo kimoja kilimjibu maswali yote, alipofika la mwisho simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Kisha akashusha sauti. “Mwanangu, yeye ni msichana. Wanaume mia, yeye mmoja. Choo je?”

Hapo sikuwa na jibu la kuchangamka. Nimeingia saiti kadhaa kuandika habari za ajali, na choo cha wanawake nimekikuta chache sana. Wasichana wanaosoma na mdogo wangu huwa wanakwenda fildi wawili wawili kwenye saiti moja, wakipata. Wanabadilishana namba na mhandisi au msimamizi mwanamke kama yupo karibu. Anayetania vibaya wanamwandika, tarehe na maneno yake, na kumpelekea mratibu wa fildi. Nilimwambia mama pia mambo ya taaluma yangu: vumbi la kukata tofali na zege lina mchanga laini unaoharibu mapafu taratibu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Saruji mbichi inaunguza ngozi, isikauke ndani ya kiatu. Kofia ngumu ni yake binafsi, si ya kuazimana. Na asipande jukwaa lisilo na ukingo hata kama wenzake wote wamepanda.

Kuhusu mshahara sikumdanganya. Mwanzoni wengi huanza kama wasaidizi, wengine kwa mikataba ya mradi mmoja, mradi ukiisha wanatafuta mwingine. Mwalimu aliyeajiriwa anaweza kulala usingizi mzuri zaidi miaka ile ya mwanzo. Baba wa binti ana hoja, na nilimwomba mama asimfiche.

Walikaa wote watatu Jumapili jioni. Nilisikia kwamba baba aliuliza swali moja tu, kama binti angeweza kuona kwa nini ukuta wa jikoni kwao una ufa. Binti akampeleka akamwonyesha, ufa umeanzia kona ya dirisha na unapanda mshazari. Akasema hajui bado sababu, ila ameuandikia tarehe kwa penseli pale unapoishia ili waone kama unaendelea.

Juzi mama amenitumia ujumbe. Wamethibitisha majengo. Sasa anatafuta viatu vya saiti vyenye chuma mbele, namba 37. Amezunguka Kariakoo maduka manne, vyote vinaanzia 40. Anayejua vinapouzwa aniandikie.