Saa ya Mzee na Mnunuzi wa Mikumi

Wiki chache zilizopita nilikuwa Kilosa kumtazama shangazi yangu, nikajikuta katika kikao cha familia ambacho sikualikwa. Jirani yake, mzee mstaafu wa reli, alikuwa ameketi barazani na wanawe watatu, na mbele yao juu ya kigoda palikuwa na saa ya mkono. Ni saa ya chuma ya Longines, ya kutiwa ufunguo, ambayo mzee aliinunua kwa sonara wa Kihindi mjini Morogoro mwaka 1966, alipokuwa karani kijana wa stesheni. Anasema ilimla mishahara miwili na nusu, na kwamba marehemu mkewe alikaa siku nne bila kumsemesha.

Ubishi ulikuwa huu. Kijana wake mdogo, anayefanya kazi katika nyumba ya wageni Mikumi, alikutana huko na mnunuzi wa saa kuukuu aliyetaja shilingi 60,000. Ada ya chuo ya mjukuu ilikuwa inadaiwa. Kijana akaona Mungu amefungua mlango. Dada yake mkubwa akaona baba anavuliwa nguo. Mzee mwenyewe alinyamaza akiichezea mkanda.

Nilipoombwa kutoa neno, kwa kuwa mtu wa gazeti hudhaniwa kuwa anajua kila kitu, niliomba siku mbili nikaulize.

Wasomaji huenda wakashangaa kwa nini mtu atoke mbali kuja kutafuta saa za wazee wetu. Sababu ni ya kweli wala si uganga. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliuza mjini Tokyo saa ya kwanza ya mkono iendeshwayo kwa betri na kipande cha kwatzi, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilivyotengeneza saa za kamani vilifungwa. Zile zilizokwisha kutengenezwa zikawa kama sarafu za utawala uliokwisha. Oktoba 2017, huko New York, saa ya Rolex aliyoivaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 17. Wenye jamaa Muscat nao watakuwa wamesikia juu ya saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni, zilizoagizwa kwa ajili ya Sultani Qaboos na kutolewa zawadi. Leo wakusanyaji wanazisaka kwa udi na uvumba.

Ila tusidanganyane. Saa ya mzee wa Kilosa si mojawapo ya hizo. Zilitengenezwa nyingi za namna yake, na hata ikiwa nzima kabisa thamani yake ni dola mia kadhaa. Lakini hizo nazo si shilingi 60,000.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni jingine. Maji ya Mkondoa yalipoifurika Kilosa kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, sanduku la mzee lililowa, na tangu hapo uso wa saa una doa la rangi ya chai karibu na tarakimu ya nne. Kijana alikuwa amekwisha kupatana na fundi kwamba kwa shilingi 15,000 uso utapakwa rangi upya na bati litasuguliwa ling'ae, ili saa ipate kuuzika. Nia ilikuwa njema, na ingeiharibu mali. Mkusanyaji halipi fedha kwa ajili ya mng'ao. Hutazama kama uso ni ule ule uliotoka kiwandani, kama kingo za bati bado ni kali, kama akrabu na mtambo wa ndani ni vya saa hiyo hiyo wala havikuokotwa kwenye saa nyingine tatu. Doa la zamani humpunguzia muuzaji kiasi. Rangi mpya humpunguzia kiasi kikubwa zaidi, wala haiondoki tena.

Kuna na hatari ya mwili. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha, zenye tarakimu zing'aazo gizani, zilipakwa radiamu. Nchini Marekani, katika miaka ya 1920, wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo na kuchonga brashi kwa midomo waliugua mifupa, na baadhi yao wakafa. Radiamu haichakai upesi: hata kama saa haiwaki tena usiku, unga wake bado ni sumu. Saa ya namna hiyo isifunguliwe na watoto, wala fundi asiikwangue uso.

Siku ya pili nilipanda basi kwenda Mikumi. Njiani tulipita kijiji kiitwacho Ulaya, na abiria mmoja, aliposikia safari yangu, akasema saa yenyewe basi haijatoka mbali. Mnunuzi nilimkuta karibu na barabara kuu, pale magari ya Zambia yanaposimama. Alikuwa mtu wa maneno laini. Alinionyesha mfuko wenye saa kama ishirini: Roamer, Seiko, Oris, nyingine hazina vioo. Nilipomwuliza anamuuzia nani, alicheka. Nilipomweleza kwamba familia itafungua mfuniko wa nyuma na kuiandika namba iliyochongwa kwenye mtambo, bei ilipanda palepale hadi 150,000. Sikuhitaji jibu jingine.

Namba hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha yangu. Longines, huko Saint-Imier nchini Uswisi, hutunza madaftari ya saa ilizouza tangu karne ya 19, na mwenye saa akipeleka namba na picha anaweza kuelezwa ilitoka mwaka gani na ilipelekwa kwa wakala yupi. Fundi mmoja mwangalifu wa Kilosa aliifungua mbele ya familia nzima, binti akapiga picha kwa simu, barua ikaenda.

Ada ililipwa kwa mchango. Kijana wa Mikumi ndiye aliyetoa nusu, na naomba hilo lihesabiwe. Saa imefungwa kitambaa cha pamba ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na jiko. Jibu la Uswisi lilikuwa halijafika nilipoandika haya. Mzee hajasema kama atauza. Anachotaka kujua kwanza, aliniambia akinisindikiza, ni kama yule sonara alimwuzia saa mpya kweli mwaka ule, au alimbambika ya mtu mwingine.